Mvumo Chini ya Daraja

Mpiga besi hasifiwi sana. Katika kundi la muziki macho ya watu humwendea mwimbaji, kisha mpiga fidla au mpiga gitaa la solo. Yeye husimama nyuma, karibu na ngoma, akitoa sauti ambayo wengi huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Lakini akinyamaza ghafla katikati ya wimbo, viungo vyote vya wimbo hulegea, na hata asiyelijua jina la chombo chake hugeuza shingo kutafuta kilichopungua. Besi katika muziki ni kama mizani katika shairi: msikilizaji hakai akaihesabu, lakini ikipunguka huhisi.

Gitaa la besi la umeme, tangu lilipozaliwa, limekuwa na mwenzi ambaye hakualikwa. Aliyewahi kufika ukumbini mapema, kabla ya wimbo wa kwanza, anamjua. Amplifaya imewashwa, taa yake ndogo inawaka, hakuna aliyegusa uzi, na bado katika spika hutoka sauti nzito isiyokatika, kama ya mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Huo ndio mvumo. Hautoki katika mkono wa mpigaji wala katika mbao za gitaa. Hutoka katika umeme, ule ule unaolipa gitaa sauti yake. Historia ya mafundi waliopambana na mvumo huo, pamoja na ile ya kipande cha chuma kinachoshika nyuzi mwisho wake, kiitwacho daraja, ni historia ya namna mbili za kutafuta ukimya. Namna ya kwanza ni kusawazisha, na ya pili ni kukata. Ya kwanza imeupa ulimwengu muziki mwingi. Ya pili imewahi kuua mtu jukwaani.

Kabla ya kuja gitaa hilo, sauti nzito ilibebwa na besi kubwa ya kusimama, chombo cha mbao chenye umbo la fidla na kimo cha kumzidi mtu mzima. Wapenzi wa taarab wanaijua vyema, kwa kuwa katika vikundi vikongwe vya Unguja husimama nyuma ya fidla, udi na ganuni, ikidonolewa kwa vidole. Ni chombo kitukufu, lakini ni mzigo. Huko Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, wapigaji wa bendi za safari waliifunga juu ya paa za magari, wakaipitisha kwa shida milangoni, na walipofika jukwaani wakakuta tarumbeta na ngoma zimeimeza sauti yake.

Wa kwanza kulijibu tatizo hilo kwa njia iliyofanana na ya leo alikuwa Paul Tutmarc, mwimbaji na mwalimu wa gitaa la Kihawai mjini Seattle. Katikati ya miaka ya 1930 alitengeneza besi ndogo ya umeme, yenye ubao mzima usio na tumbo, yenye freti shingoni, na ya kupigwa kwa kulazwa kifuani kama gitaa. Aliiuza kwa jina la Audiovox 736. Wanunuzi walikuwa wachache, na chombo hicho kikasahauliwa. Wazo lilisubiri miaka 15 hivi kabla ya kumpata mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la California. Alikuwa karani wa hesabu kabla ya kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938. Hakuwa mpiga gitaa. Alilijua gitaa kama fundi saa anavyoijua saa asiyoivaa: kwa kulifungua, kusikiliza malalamiko ya mwenyewe, na kulifunga tena. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi lililoitwa Precision Bass. Jina hilo lina maana ya usahihi, kwa sababu ya freti zake. Mpigaji wa besi ya kusimama hutafuta sauti sahihi kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Mpigaji wa chombo kipya alibonyeza nyuma ya freti na sauti ikatoka mahali pake. Urefu wa uzi unaotetemeka ulikuwa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, na kipimo hicho ndicho kinachofuatwa katika magitaa mengi ya besi. Mwaka uliofuata Fender alitoa amplifaya ya kukibeba chombo hicho. Monk Montgomery, aliyekuwa katika bendi ya Lionel Hampton, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza wa jazi kukipeleka jukwaani.

Daraja la gitaa lile la kwanza lilikuwa kitu cha kawaida kabisa: bamba la chuma lililopigiliwa skrubu kwenye ubao, na juu yake vitandiko viwili vilivyobeba nyuzi nne. Vitandiko vyenyewe havikuwa vya chuma, bali vya nyuzinyuzi zilizoshindiliwa hadi zikawa ngumu kama ubao. Kwa macho ya asiyejua, kazi ya daraja ni kuzuia nyuzi zisichomoke, na kazi hiyo si ndogo, kwani nyuzi nne za besi kwa pamoja kwa kawaida huvuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 70 na zaidi, sawa na mtu mzima aliyeninginia. Lakini daraja lina kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayohitaji akili. Uzi unapobonyezwa kwenye freti huvutika kidogo, na ukivutika hupanda sauti. Ili kufidia, kitandiko husogezwa nyuma kidogo, uzi ukapata urefu wa ziada. Uzi mnene huhitaji fidia kubwa kuliko uzi mwembamba. Fundi hupima kwenye freti ya 12, katikati kabisa ya uzi: noti ya hapo inapaswa kuwa sawa na ya uzi mtupu, ila juu zaidi kwa oktavu moja. Ikipanda, kitandiko kinarudishwa nyuma. Ikishuka, kinasogezwa mbele.

Sasa, kitandiko kimoja kikibeba nyuzi mbili, mambo huwa kama ya wapangaji wawili waliopewa ufunguo mmoja. Ukimridhisha wa kwanza, wa pili analala nje. Kwa miaka 6 wapigaji waliishi na usuluhishi huo, huku vitandiko vyenyewe vikibadilishwa kuwa vya chuma. Mwaka 1957 Fender alilitengeneza daraja upya, likawa na vitandiko vinne, kila uzi na chake, kila kimoja na skrubu yake ya kurudi nyuma na skrubu ndogo mbili za kupanda na kushuka. Daraja hilo, pamoja na springi zake nyembamba, limenakiliwa na watengenezaji wengi duniani.

Mwaka huo huo wa 1957 kulitokea badiliko jingine katika gitaa hilo, lililohusu mvumo. Ili kulifahamu, hapana budi kwanza kukifahamu kinasa.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hutikisika kwa mwendo ule ule, na mtikisiko huo huzaa umeme hafifu mno katika waya. Amplifaya huupokea na kuukuza. Kifaa hicho hakisikii sauti kama sikio. Hufuata mwendo wa chuma, na kinachotoka katika spika ni habari ya mwendo huo.

Tatizo ni kwamba koili haichagui habari. Nyaya zilizopita ukutani, transfoma iliyomo ndani ya amplifaya, taa ndefu za mirija darini, vyote hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika daima, na koili huipokea kama inavyoupokea uzi. Umeme wa Marekani hubadilika mara 60 kwa sekunde. Wa Ulaya na wa Afrika Mashariki, mara 50. Kwa hiyo mvumo una noti, na noti hiyo haifanani kila nchi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa msikilizaji wa pwani. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukibonyezwa kwenye freti ya tatu, hutoa G ya chini, ambayo hutetemeka mara 49 kwa sekunde. Mvumo wa umeme wa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa hutetemeka mara 50. Noti na mvumo vinakaribiana kama sauti za ndugu wawili, lakini si sauti moja, na zinapotoka katika spika moja hugongana: zinaungana na kupingana, zikivimba na kunywea mara moja kila sekunde, kama wimbi dogo linalopiga ubavuni mwa mashua iliyotia nanga. Huko Detroit, kwa umeme wa 60, mvumo huangukia kati ya B bapa na B, na G hubaki salama. Gitaa lile lile likivuka bahari hubadili ufunguo wa mvumo wake. Bendi za dansi za Afrika Mashariki na Kongo zilizopokea magitaa ya besi ya umeme katika miaka ya 1960, na vikundi vya taarab ya kisasa vilivyoyatumia miaka ya 1990, vilipokea chombo kilichobuniwa katika nchi ambayo mvumo wake ulikuwa na noti nyingine.

Dawa ya mvumo ilikwisha kujulikana kwa mafundi redio kabla ya gitaa la besi kuzaliwa. Spika nyingi za redio za miaka ya 1930 hazikuwa na sumaku ya kudumu. Zilitumia sumaku ya umeme, na umeme huo ulileta mvumo. Watengenezaji wakaongeza koili ndogo iliyounganishwa kinyume, ili mvumo wa upande mmoja ukutane na mvumo wa upande wa pili na vyote viwili vife. Seth Lover, fundi wa mambo ya redio na amplifaya aliyefanya kazi katika kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, aliitumia kanuni hiyo katika kinasa cha gitaa. Aliomba hataza mwaka 1955, na akaipata mwaka 1959.

Kanuni yenyewe ina uzuri wa kumpendeza mtunga mashairi. Chukua koili mbili badala ya moja, na waya wa pili uuzungushe kinyume cha wa kwanza. Mvumo ukiingia, katika koili moja unasukuma na katika nyingine unavuta, na jumla yake ni sifuri. Lakini hapo pana hatari ya kuua na sauti ya uzi. Ndipo sumaku ya koili ya pili nayo inapogeuzwa, ncha ya kusini ikawa juu pale ambapo katika koili ya kwanza ni ya kaskazini. Sasa sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, mara moja na waya na mara moja na sumaku, na kinyume cha kinyume ni sawa. Koili mbili zinakubaliana kuhusu uzi na zinapingana kuhusu mvumo. Mvumo wa ukutani haujui sumaku imeelekea wapi, uzi unajua. Ukwapi na utao wa mshororo nao huachana kwa vina na kukutana kwa maana.

Katika gitaa la besi, Fender aliipata njia yake mwenyewe. Mwaka 1957 alikikata kinasa cha Precision Bass vipande viwili na kuvipanga kama ngazi: kimoja chini ya nyuzi mbili nene, cha pili chini ya nyuzi mbili nyembamba. Kila uzi ulisikiwa na koili moja tu, lakini mvumo uliingia katika zote mbili na humo ukajimaliza. Tangu mwaka huo gitaa hilo likawa kimya lisipopigwa.

Ukimya huo ulimfaa mtu mmoja kuliko wengi. James Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, na ujana wake akaupeleka Detroit, ambako alikuwa mpiga besi mkuu wa studio ya Motown katika miaka ya 1960. Chombo chake cha miaka hiyo kilikuwa Precision Bass ya mwaka 1962. Katika studio ile magitaa yaliunganishwa mara nyingi moja kwa moja na mitambo ya kurekodia, bila amplifaya ya kusimama mbele yake, na mvumo wowote ungebaki kwenye utepe chini ya sauti ya mwimbaji. Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Nyuzi zake zilikuwa nene na kuukuu, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Tena hakukitoa kile kifuniko cha chuma kilichofunika daraja, ambacho wapigaji wengi walikitupa au kukigeuza kisahani cha majivu ya sigara. Chini ya kifuniko hicho palikuwa na sponji iliyogusa nyuzi karibu na daraja na kuzifupisha pumzi, kila noti ikatoka, ikasema neno lake, ikaondoka. Kwa miaka mingi majalada ya santuri za Motown hayakuandika majina ya wapigaji. Jina la Jamerson liliandikwa katika albamu ya What's Going On ya Marvin Gaye, mwaka 1971, baada ya sauti yake kuzunguka dunia kwa muongo mzima. Alifariki mwaka 1983, na gitaa lake la 1962 lilikuwa limeibwa kabla ya kifo chake.

Mwaka 1960 Fender alitoa gitaa la pili la besi, Jazz Bass. Hili lilikuwa na vinasa viwili kamili, kimoja karibu na shingo na kingine karibu na daraja. Kila kinasa kina koili moja. Vikifunguliwa vyote kwa kiasi sawa, husawazishana na mvumo hupotea; lakini mpigaji akipunguza kimoja ili apate rangi ya sauti anayoitaka, mizani huinama na mvumo hurudi. Chombo kilimwekea mpigaji chaguo: ukimya, au sauti yake mwenyewe.

Jaco Pastorius, aliyekulia Fort Lauderdale katika pwani ya Florida, alichagua sauti yake. Jazz Bass yake ya mwaka 1962 haikuwa na freti. Mianya iliyoachwa na freti ilizibwa, na ubao wa shingo ukapakwa gundi ngumu ya kutengenezea mashua, ili nyuzi za chuma zisiutafune. Kisha akaegemea zaidi kinasa cha karibu na daraja, ambako uzi hutikisika kidogo na sauti yake huwa kali, yenye pua, inayoweza kuimba juu ya ala nyingine. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Wapigaji wengi wa besi waliomfuata walikifungua kinasa cha daraja peke yake, wakaipata ile sauti, na pamoja nayo wakapata mvumo ambao vinasa viwili sawa vingeumaliza. Gitaa la Pastorius liliibwa New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na likaonekana tena baada ya miaka 20 hivi.

Mwaka huo wa 1976 Leo Fender, aliyekuwa ameiuza kampuni yake mwaka 1965, alirudi na jibu. Gitaa la StingRay la kampuni ya Music Man lilikuwa na kinasa kimoja kikubwa cha koili pacha kuelekea daraja, na ndani yake kikuza sauti kidogo kilichotumia betri. Ukali ulipatikana na mvumo ukaondoka. Hata hivyo wapenzi wa Jazz Bass hawakuiacha, na hoja yao ina haki: kila njia ya kusawazisha huacha alama yake katika sauti, na masikio ya watu hupenda alama tofauti.

Yapo mambo ambayo koili pacha haiyaondoi, na hapo ndipo fundi hurudi darajani. Chini ya bamba la daraja, pasipoonekana, kuna waya mwembamba. Upande mmoja umebanwa kati ya chuma na ubao. Upande wa pili hupita katika tundu lililotobolewa ndani ya mbao, ukafika chumba cha nyaya na kutiwa lehemu mgongoni mwa kifaa cha kupunguzia sauti. Kupitia waya huo daraja na nyuzi zote huunganishwa na ardhi ya amplifaya, ile ambayo mafundi umeme huiita ethi. Mwili wa binadamu hunasa umeme wa hewani kama waya wa antena, na ukisimama karibu na gitaa huurushia kelele. Mpigaji akigusa nyuzi, mwili wake nao huunganishwa na ardhi, na badala ya kuwa chanzo cha kelele huwa ngao.

Katika miji ya pwani waya huo una adui mkubwa. Hewa ya chumvi huingia chini ya daraja, jasho la mkono hulisaidia, na kutu hujaa kati ya bamba na waya hadi umeme usipite. Dalili zake fundi huzisoma kwa kidole. Akigusa nyuzi na kelele ikapungua, waya ni mzima. Akigusa nyuzi na kelele isibadilike, lakini ikapungua akigusa chuma cha tundu la kuchomekea, waya wa daraja umekatika au umeliwa. Hapo hulegeza nyuzi kidogo kidogo, zote kwa pamoja, ili shingo isishtuke. Huweka alama mahali pa kila kitandiko kabla ya kukigusa. Skrubu ndogo zilizoganda huzidondoshea mafuta na kuziacha zilale nazo usiku mzima, kwa kuwa kichwa cha skrubu kikishavunjika kazi ya saa moja huwa ya siku mbili. Kisha hulifungua daraja, akasugua chini ya bamba na ncha ya waya kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, akalirudisha na kulikaza. Mwisho hupima kwa mita kati ya daraja na chuma cha tundu la kuchomekea: upinzani unapaswa kukaribia sifuri.

Wengine huongeza kukipamba chumba cha nyaya kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ardhi. Ni kazi njema, mradi ifahamike inachofanya. Karatasi hiyo huzuia ule mlio mkali kama wa nyuki unaorushwa na taa na nyaya za jirani. Mvumo mzito wa sumaku unaotoka katika transfoma hupita humo kama sauti ipitayo pazia, na kinachouzuia ni koili pacha, au mpigaji kusogea mbali na kugeuka upande.

Inabaki ile namna ya pili, ya kukata. Vyombo viwili vikiunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, kwa mfano amplifaya kwenye soketi ya ukuta huu na mitambo ya ukumbi kwenye soketi ya ukuta ule, umeme mdogo huzunguka kati yao na kuzaa mvumo. Upo ujanja wa zamani wa kuunyamazisha: kuikata pini ya ardhi katika plagi, au kutumia plagi ya pini mbili na kulifungua tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti. Mvumo hunyamaza papo hapo, na fundi wa bahati mbaya husifiwa. Lakini ile pini haikuwekwa kwa ajili ya muziki. Imewekwa ili hitilafu ikitokea, umeme ukagusa chuma cha chombo, upate njia ya kushuka ardhini na kukata fyuzi. Ikiondolewa, umeme hungoja njia nyingine, na mpigaji aliyeshika nyuzi zilizounganishwa na daraja ndiye njia yenyewe.

Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alishika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa ipasavyo na ardhi, akiwa na gitaa lake. Umeme ulipita mwilini mwake akafa mbele ya hadhira. Tangu hapo kisa chake husimuliwa kwa mafundi wa majukwaa kama onyo. Dawa halali ya mvumo wa namna hiyo ipo na haigharimu kitu: vyombo vyote vichukue umeme kwenye soketi moja, ili ardhi yao iwe moja. Ikishindikana, hutumiwa kisanduku chenye transfoma ndogo kinachotenganisha waya wa sauti, na waya wa ardhi wa umeme ukaachwa mahali pake.

Leo Fender alifariki mwaka 1991, akiwa angali anafanya kazi katika karakana yake. Hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Kwa miaka 40 aliwauliza wapigaji nini kinawaudhi, na jibu likampeleka tena na tena kwenye vitu vidogo: skrubu, springi, koili, waya uliofichwa chini ya bamba.

Anayetaka kuiona historia hiyo kwa macho amtazame mpiga besi kati ya wimbo na wimbo. Mwimbaji anakunywa maji, mpiga ngoma anajifuta jasho, na yeye amelaza kiganja juu ya nyuzi nne. Watu hudhani amepumzika. Kiganja chake kimeshika nyuzi, nyuzi zimeshika daraja, daraja limeshika waya, na waya umeshika ardhi; akikiinua tu, ukumbi mzima utausikia umeme ukirudi kuimba.